Ukweli na Ladha katika Sinema za Wasifu

Mtu anapokwenda kutazama sinema iliyotungwa juu ya maisha ya mtu aliyepata kuishi duniani, huingia na matumaini mawili ambayo si mepesi kukaa pamoja. La kwanza ni kufurahi. La pili ni kujua. Akitoka hali amefurahi, aghalabu hudhani ya kuwa amejua pia, na hapo ndipo penye hatari. Mwenye kusoma kitabu cha historia huziona tarehe, huyaona majina ya waliotoa habari, na akiingiwa na shaka aweza kurudi nyuma akasoma tena. Mwenye kutazama sinema hana nafasi hiyo. Uso wa mchezaji humkaa moyoni mahali pa uso wa marehemu, na maneno aliyoandikiwa mchezaji hugeuka kuwa maneno ya marehemu mwenyewe. Baada ya miaka michache hakumbuki tena kama jambo fulani alilisoma, alilisikia au aliliona katika giza la jumba la sinema.

Juu ya jambo hili wahakiki wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huhesabu makosa: mwaka huu si huo, mtu huyu hakuwapo, nguo hii haikuvaliwa zama zile. Kundi la pili hujibu kwamba sinema si darasa, na kwamba mtunzi ana ruhusa yake ya tangu zamani. Hawa hupenda kumtaja Aristotle, aliyetenga kazi ya mwanahistoria, ambaye husimulia yaliyotokea, na kazi ya mtunzi, ambaye husimulia yawezayo kutokea, naye akampa mtunzi daraja ya juu zaidi. Kila kundi lina haki kwa kiasi chake, na kila moja limepitiwa na jambo. La kwanza huyapima makosa kwa idadi, kana kwamba kukosea tarehe ya wimbo na kumsingizia mtu mauaji ni mambo ya uzito mmoja. La pili husahau kwamba Aristotle alikuwa akisema juu ya tanzia, ambazo watu wake wengi walikuwa wa kale mno hata hawana mjukuu wa kulalamika. Ladha ina gharama, na gharama hiyo daima hulipwa na mtu fulani. Basi mhakiki wa sinema ya wasifu yampasa kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: mahali ukweli ulipoachwa ili mtazamaji apate kufurahi, ni nani aliyelipa?

Swali hili si geni kwa wasomaji wa Kiswahili, kwa maana fasihi yao ina mifano mingi ya historia iliyotiwa katika tungo. Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, ulitungwa na Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728. Msingi wake ni safari ya Tabuk ya mwaka 630. Wanahistoria wanakubaliana kwamba katika safari ile jeshi la Waislamu lilifika Tabuk likarejea Madina pasi na kupigana vita vikubwa na jeshi la Kaisari wa Rumi. Katika utendi, kinyume cha hayo, mapigano ni makubwa, mashujaa hupambana mmoja mmoja, na damu humwagika kwa wingi. Hata hivyo hakuna mtaalamu aliyesimama kumwita Mwengo mwongo. Wasikilizaji wake walijua aina ya utungo waliokuwa wakiusikiliza, na Herekali wa utendi alikuwa kwao mfalme wa hadithi zaidi kuliko mtu wa tarehe.

Hali ni nyingine katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemed Abdallah el Buhriy. Vita vile vilianza mwaka 1888, na mtunzi aliishi zama zile zile, miongoni mwa watu waliowajua wapiganaji kwa majina, kwa nyumba na kwa ukoo. Mtunzi wa namna hii hana uhuru wa Mwengo. Akimwita mtu mwoga, wanawe wapo. Akimpa mmoja ushujaa wa mwenziwe, watu watasema. Tofauti ya tungo hizi mbili yafundisha kwamba ruhusa ya mtunzi si kitu kimoja kisichobadilika. Hupungua kadiri aliyetajwa anavyokuwa karibu na walio hai, na kadiri msikilizaji anavyoelekea kusadiki kila neno.

Sinema ya wasifu imekaa mahali pabaya baina ya hali hizi mbili. Hutaka uhuru wa Mwengo, na papo hapo hutaka kusadikiwa kama Hemed Abdallah. Ndiyo maana huanza mara nyingi kwa tangazo kwamba hadithi imetokana na mambo ya kweli. Maneno hayo machache hufanya kazi kubwa, maana humwomba mtazamaji aweke shaka yake mlangoni pamoja na mwavuli wake.

Kabla ya kuitazama mifano, yafaa kutenga namna tatu za kuuacha ukweli. Ya kwanza ni kufupisha: miaka kumi hugeuzwa saa mbili, watu watatu huwa mmoja, safari nyingi huwa moja. Hapana sinema iwezayo kuepuka jambo hili, na kwa kawaida hapana anayedhulumika. Ya pili ni kujaza: mtunzi huwatia watu maneno ya chumbani ambayo hakuna aliyeyasikia. Hili nalo ni la lazima, na uzuri wake hutegemea kama maneno yale yanapatana na tabia iliyothibitika ya mtu. Ya tatu ni kuhamisha: tendo la mtu mmoja huchukuliwa likapewa mwingine, au sababu ya jambo huondolewa mahali pake ikatiwa nyingine. Katika namna hii ya tatu ndimo dhuluma inamoingia, hata pale ambapo tarehe zote ni sahihi.

Amadeus, sinema ya Miloš Forman ya mwaka 1984, ni mfano ulio mashuhuri kupita yote, nayo ilipata tuzo nane za Oscar. Ilitokana na mchezo wa kuigiza wa Peter Shaffer wa mwaka 1979, nao umefuata njia iliyokwisha kupitwa na Pushkin katika mchezo wake mfupi wa mwaka 1830. Antonio Salieri, mtunzi wa muziki wa Kaisari huko Vienna, amemwekea Mungu nadhiri ya kujitenga na wanawake ili apewe kipawa cha muziki. Kisha anakuja Mozart, kijana mpuuzi mwenye kicheko cha kitoto, naye ndiye aliyepewa kipawa chenyewe. Husuda ya Salieri inageuka vita baina yake na Mungu. Hapana shaka kwamba hii ni hadithi kubwa. Mtu yeyote aliyepata kujitahidi katika kazi fulani, kisha akaona mwenziwe akifanya kwa mchezo kile ambacho yeye amekishindwa kwa jasho, huiona nafsi yake ndani ya Salieri.

Lakini Salieri wa kweli alioa, akazaa watoto wanane. Alikuwa mwalimu wa Beethoven, wa Schubert na wa Liszt, na hata mtoto wa Mozart alifundishwa naye baada ya baba yake kufariki. Mwaka 1785 yeye na Mozart walishirikiana kutia muziki katika utungo mmoja mfupi, ambao nakala yake ilipatikana tena huko Prague mwishoni mwa mwaka 2015. Katika barua ya mwezi Oktoba 1791, wiki chache kabla ya kufa kwake, Mozart alimwandikia mkewe kwa furaha jinsi Salieri alivyokuja kutazama Die Zauberflöte na kuisifu. Ule muziki wa maiti, ambao katika sinema unaagizwa na Salieri kwa hila akiwa amevaa kinyago, uliagizwa na bwana mmoja mkubwa, Walsegg, aliyefiwa na mkewe. Na aliyeukamilisha baada ya Mozart kufa alikuwa mwanafunzi wake Süssmayr, ambaye sinema haikumpa nafasi. Badala yake ni Salieri anayekaa kando ya kitanda cha mgonjwa akiandika anayotajiwa.

Kwa hiyo hapa kuhamisha kupo waziwazi, na waliolipa ni wawili: Salieri, aliyegeuzwa mwuaji wa moyoni, na Süssmayr, aliyefutwa kabisa. Walakini kuna mambo mawili yanayompunguzia Forman lawama. La kwanza ni jinsi hadithi ilivyowekwa. Habari yote husimuliwa na Salieri mwenyewe, mzee aliyewekwa katika nyumba ya wenye wazimu, akimwungamia padri kijana. Mtazamaji mwangalifu huonywa tangu mwanzo kwamba anasikiliza kinywa cha mtu ambaye akili yake si salama. Mlango wa shaka umeachwa wazi kidogo. La pili ni yale yaliyofuata. Muziki wa Salieri, uliokuwa umelala makabatini, ulianza kutafutwa tena, na mwaka 2003 mwimbaji Cecilia Bartoli alitoa sahani nzima ya nyimbo zake. Aliyesingiziwa alirudishiwa sehemu ya mali yake kwa njia ile ile ya kusingiziwa. Jambo hili haliufanyi uzushi kuwa ukweli, lakini laonyesha kwamba deni liliweza kulipwa kwa sababu mdai alikuwa na hati zake: muziki wake ulikuwapo umeandikwa, na barua zilikuwapo zimehifadhiwa.

Je, itakuwaje kwa mdai asiye na hati? Swali hilo laihamisha hoja kutoka Vienna hadi Kampala.

The Last King of Scotland, ya mwaka 2006, iliongozwa na Kevin Macdonald kutokana na riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Sehemu kubwa ilipigwa picha Uganda kwenyewe. Forest Whitaker, aliyeigiza Idi Amin, alipata tuzo ya Oscar, na alistahili. Hakuchora zimwi la kutishia watoto. Alionyesha jinsi mtu mcheshi, mwenye bashasha, mwepesi wa kucheka na kukumbatia, anavyoweza kuwa wa kuogofya kuliko mtu mkali, kwa kuwa anayecheka naye hajui kicheko kitaishia wapi. Katika hilo sinema imesema kweli ambayo vitabu vingi havikuweza kuisema.

Lakini habari ile haionwi kwa macho ya Mganda. Huonwa kwa macho ya Nicholas Garrigan, daktari kijana kutoka Scotland, ambaye hakupata kuwapo duniani. Kumzua shahidi si kosa. Ni desturi ya riwaya. Kosa laanza pale shahidi wa kuzuliwa anapopewa matendo ya watu waliokuwapo. Kay, mmoja wa wake wa Amin, alifariki mwezi Agosti 1974, na maiti yake ilikutwa imekatwa viungo. Henry Kyemba, aliyekuwa Waziri wa Afya kabla ya kukimbia nchi, alisimulia habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1977. Kwa masimulizi yanayokubaliwa na wengi, Kay alikufa katika jaribio la kutoa mimba mikononi mwa daktari wa Kiganda, ambaye naye alikufa siku zizo hizo; kisha viungo vyake viliunganishwa tena kwa kushonwa kabla ya mazishi. Katika sinema, mpenzi wa Kay ni Garrigan. Mimba ni ya Garrigan. Amin ndiye anayeamuru auawe. Na viungo vimeshonwa mahali pasipo pake, miguu palipokuwa mikono, ili iwe adhabu na fundisho.

Yafaa kutua hapa, kwa maana mahali hapa pana uzito wote wa shauri hili. Tendo la kushona, ambalo lilirudisha maiti katika umbo la binadamu, limegeuzwa kuwa tendo la kuivua maiti ubinadamu wake. Daktari wa Kiganda, aliyekuwa ndani ya msiba ule kwa uhai wake na kifo chake, ametolewa nje ili mgeni wa kubuni aingie. Na Kay mwenyewe, aliyekuwa mwanamke mwenye maisha yake, amekuwa kipande cha safari ya toba ya kijana wa Scotland. Mtu aweza kujibu kwamba Amin alikuwa mwuaji wa watu wengi mno hata kumwongezea mmoja si kumdhulumu. Jibu hilo ni jepesi mno. Anayedhulumika hapa si Amin. Wanaodhulumika ni wale ambao misiba yao ilikuwa ya kweli na ya kutosha, wala haikuhitaji kutiwa viungo. Tena mwuaji akisingiziwa jambo moja, hupata njia ya kukana mia aliyoyatenda.

Kuna ushahidi mwingine ambao wahakiki wa sinema hawaugusi, nao wawahusu sana wataalamu wa lugha. Idi Amin alikulia kazini katika King's African Rifles, jeshi ambalo amri na mazungumzo ya askari wake yalikuwa kwa Kiswahili. Alipokwisha kutwaa serikali, tarehe 25 Januari 1971, Kiswahili kilitoka kambini kikaingia Ikulu, na mwaka 1973 alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mpaka leo wako Waganda wengi ambao Kiswahili kwao kilibeba harufu ya bunduki, kwa sababu walikisikia kwanza usiku, mlangoni, kinywani mwa askari. Hiyo ni habari ya historia kama ilivyo habari ya mapinduzi yenyewe. Inajulikana kwamba Whitaker alijifunza Kiswahili alipokuwa akijitayarisha, na jitihada yake husikika katika matamshi. Lakini Amin wa sinema huwaroga watu kwa Kiingereza, kwa kuwa anayerogwa ni Mskoti. Kiswahili na Kiganda vimebaki pembeni, kama mapambo ya kuonyesha kwamba mahali hapa ni Afrika. Mtazamaji asiyeijua nchi hatadhani kamwe kwamba ugomvi wa lugha ulikuwa sehemu ya ugomvi wa dola. Hapa hakuna tarehe iliyokosewa wala neno la uongo lililosemwa. Lugha tu imewekwa mahali pasipo pake, na pamoja nayo mtu mwenyewe amehamishwa kutoka kwa watu wake.

Kuacha nako ni namna ya kusema. Jambo hili laonekana katika Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018, juu ya mwimbaji Freddie Mercury wa kundi la Queen. Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi waliotumikia serikali ya Kiingereza kisiwani. Alipelekwa shule Bara Hindi, akarudi Unguja mwaka 1963, na mwaka 1964 jamaa yake ikahamia Uingereza baada ya mapinduzi. Miaka kumi na saba ya mtu, pamoja na kisiwa, kuhama na jina lililoachwa, imekwisha katika sinema kwa maneno machache ya mezani. Mtu aweza kusema kwamba hilo ni kufupisha tu, na ingekuwa hivyo lau muda uliookolewa ungalitumiwa kwa kweli nyingine. Lakini ulitumiwa kujenga uzushi. Sinema yaonyesha kwamba kundi lilikuwa limevunjika, na kwamba Mercury aliwaambia wenzake juu ya ugonjwa wake wa UKIMWI kabla ya tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985, ili nyimbo za siku ile zisikike kama wasia wa mtu anayekufa. Kwa kweli kundi halikuwa limevunjika. Lilikuwa limetoka katika ziara ndefu ya muziki mwezi Mei wa mwaka ule ule. Na kwa kadiri inavyojulikana, Mercury alipata habari ya ugonjwa wake baada ya tamasha, kama mwaka 1987. Alitangaza hadharani siku moja tu kabla ya kufa, tarehe 24 Novemba 1991.

Nani aliyelipa hapa? Ni Mercury mwenyewe. Mtu aliyeficha ugonjwa wake kwa makusudi mpaka siku ya mwisho, kwa kuwa hakutaka muziki wake usikilizwe kwa huruma, amepewa sinema ambayo humfanya msikilizaji afanye hasa kile alichokikataa. Watu waliofurahi walikuwa wengi, na hapana haja ya kuwalaumu, kwani dakika zile za mwisho zimepangwa kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo furaha ile imepatikana kwa kuivunja hiari ya marehemu, na mhakiki asiyelisema hilo ameandika tangazo la biashara.

Kinyume cha sinema hizi tatu yafaa kuweka moja ambayo mara nyingi hutajwa kwa heshima kuliko kutazamwa, nayo ni Lumumba ya Raoul Peck ya mwaka 2000. Peck ni Mhaiti aliyepitisha sehemu ya utoto wake Kongo, na kabla ya sinema hii alikuwa amekwisha kutengeneza nyingine ya kumbukumbu juu ya mtu yuyo huyo. Eriq Ebouaney aliigiza Patrice Lumumba, aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo tangu uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, akauawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito.

Sinema huanza mwishoni. Lori laingia gizani na watu watatu. Kisha maafisa wa Kibelgiji wanachimbua miili, wanaikata na kuichoma. Mtazamaji wa mwaka 2000 angaliweza kudhani kwamba hapo mtunzi ameitafuta hofu kwa nguvu, kama ilivyofanywa katika habari ya Kay. Lakini hilo ndilo lililotokea. Mwaka uliotangulia, kitabu cha Ludo De Witte kilikuwa kimelieleza jambo lile kwa ushahidi. Afisa mmoja wa polisi wa Kibelgiji alikiri kushiriki katika kuiharibu miili ile. Na mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilikiri kwamba baadhi ya mawaziri wa wakati ule walikuwa na dhamana ya kimaadili. Tarehe 20 Juni 2022 Ubelgiji iliwarudishia watoto wa Lumumba jino moja, ndicho kipande pekee cha mwili wake kilichosalia. Katika sinema hii, basi, jambo la kutisha kupita yote halikuhitaji kuzuliwa.

Haina maana kwamba Peck hakufupisha wala hakujaza. Mazungumzo ya mawaziri faraghani ni ya kubuni. Mambo ya miezi mingi yamesongamana. Na sauti ya Lumumba inayosimulia akiwa amekwisha kufa ni mbinu ya sanaa, si hati. Lakini hakumpa mtu tendo lisilo lake. Hakumleta mgeni wa kubuni awe moyo wa habari. Kuteleza kwa Lumumba kumeonyeshwa, haraka yake na hasira zake pia, hata mtazamaji hupata kuelewa kwa nini marafiki walimwacha. Na pale ambapo ladha hupatikana, hupatikana ndani ya mambo yenyewe: mtu amekwisha kuvuka mto Sankuru, usalama uko mbele, naye anarudi kwa sababu mkewe na mtoto wamebaki ng'ambo mikononi mwa askari. Mtunzi gani angalizua jambo bora kuliko hilo?

Upungufu wa Lumumba ni wa lugha, na haki yataka usemwe kwa kipimo kile kile. Lumumba alikuwa Mtetela aliyesema Kifaransa, Kiswahili, Kilingala na Kiluba, na nguvu yake ya siasa ilitokana kwa sehemu kubwa na uwezo huo, katika nchi ambayo viongozi wengi walisikika katika jimbo moja tu. Stanleyville, mahali alipopata kazi ya posta na wafuasi wake wengi, na Katanga, mahali alipouawa, zote ni nchi za Kiswahili. Sinema imempa Kifaransa karibu mahali pote. Sababu zaeleweka, maana fedha na watazamaji vilikuwa Ulaya; lakini gharama ipo, nayo imelipwa na umati wa watu waliomsikia Lumumba kwa lugha zao wenyewe, wakamfuata kwa sababu hiyo.

Mifano hii minne yatosha kuonyesha kwamba ukweli na ladha si maadui wa asili. Sinema yenye ladha kali kupita zote, Amadeus, na sinema iliyo aminifu kupita zote, Lumumba, zote mbili zastahili kutazamwa mara mbili. Ugomvi huanza pale ladha inapotafutwa kwa mali ya mtu asiyeweza kudai. Salieri alidai, kwa kuwa muziki wake ulikuwapo. Daktari wa Kiganda hakuacha muziki. Katika nchi ambazo hati nyingi ziliandikwa na mtawala, au zilichomwa naye, na mashahidi wengi walikufa pasi na kuulizwa, sinema moja yenye nguvu huweza kuwa ndiyo hati. Wanafunzi wa chuo huitaja katika insha zao; waandishi wa magazeti huichukua picha yake; na wajukuu hujifunza humo jinsi babu yao alivyokufa. Kwa hiyo mtunzi anayefanya kazi juu ya nchi kama hizi ana deni kubwa zaidi kuliko mwenziwe wa Vienna, wala uhuru wa sanaa haumwondolei deni hilo.

Wajibu huu si wa mtunzi peke yake. Wataalamu wa Kiswahili nao wana kazi ambayo hakuna mwingine atakayeifanya. Kila sinema inayohusu watu wa nchi hizi yapasa ichunguzwe kwa masikio pamoja na macho: nani amepewa lugha gani, nani amenyimwa, nani ametafsiriwa na nani amenyamazishwa. Masimulizi ya wazee wa Katanga, wa Kampala na wa Unguja, katika Kiswahili kile kile walichokitumia wakati mambo yalipotokea, yapasa kuandikwa na kuhifadhiwa wangali hai, ili siku mtu atakapodhulumiwa katika sinema pawe na hati ya kumtetea.

Watunzi wa tenzi walikuwa na desturi njema. Mwishoni mwa kazi, wengi wao walitaja majina yao, wakahesabu beti zao, kisha wakamwomba msomaji kwamba akiona kosa alisahihishe, wala asiwalaumu. Desturi ile haikuwa adabu tupu. Iliacha mlango wazi kwa yeyote aliyejua zaidi, ikakiri kwamba habari ya watu ni kubwa kuliko mtunzi mmoja. Sinema ya wasifu humaliza kwa majina mengi yanayopanda haraka na muziki mkubwa, na mlango wake umefungwa. Kazi ya mhakiki ni kuufungua.